Karatasi ya Kisanduku cha Fyuzi

Katika nyumba nisiyoijua siwashi kitu kabla sijafungua kisanduku cha fyuzi na kutazama ndani ya mlango wake. Mke wangu anasema nimezeeka na wasiwasi. Ni kweli, lakini wasiwasi huo nilipewa na mtu, na ninamshukuru kila siku.

Alikuwa mkuu wetu katika timu ya umeme ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi, huko Musonoi, Katanga. Tulimwita Tata Chef, yaani Mzee Mkuu. Wazazi wake waliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuja kuchimba shaba. Yeye alizaliwa palepale Musonoi, na mitaa yake aliijua kuliko mimi niliyetoka kaskazini ya Katanga. Kazi yetu ilikuwa kupima kama umeme wa nyumba ni salama. Chombo alichokipenda kilikuwa kisanduku cheusi chenye mkono wa kuzungusha, kama mashine ndogo ya kusagia nyama. Unafunga nyaya zake mbili, unazungusha, na sindano inakuonyesha kama mpira uliofunika waya bado unazuia umeme au umeshaoza. Alipima mara tatu, hata jua liwe linatuchoma. Kisha aliandika alichokikuta, akatia sahihi, akabandika karatasi ndani ya mlango wa kisanduku cha fyuzi.

"Unaandikia nani, Tata? Panya?" nilimtania siku moja.

"Ule mwenye atakuya nyuma yangu," alijibu, wala hakucheka.

Kisha mgodi ukaanguka. Mishahara ilikatika, na watu wakaanza kufukua nyaya za shaba zilizozikwa kando ya nyumba zao, zile zinazoshusha ardhini umeme uliovuja. Sisi tunaziita terre. Shaba ilikuwa na wanunuzi, na waya wa terre hauwashi hata taa, kwa hiyo nani angeuhurumia? Hata mimi, fundi mzima, niliufukua wangu. Tata Chef alipojua, alininunia siku mbili.

Halafu ikaja ile amri ya mitaani kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi, sikuuliza. Vijana walipita mlango kwa mlango wakipiga kelele, nami nilinyamaza ndani kwangu. Naona haya mpaka leo. Tata Chef alihamia kituo cha treni na mke, watoto na magodoro, wakangoja pamoja na umati wa wenzao. Ofisi ikanipa mimi nyumba yake, nikaipokea. Tulikuwa saba katika vyumba viwili, lakini sijitetei.

Tuliingia asubuhi, msimu wa baridi. Mke wangu alimpeleka binti yetu mdogo bafuni, kisha akapaza sauti kwamba maji ya boila hayapati moto. Nilifungua kisanduku nikakuta fyuzi ya boila haipo. Nikasema moyoni, mzee ameondoka nayo kwa hasira. Ningekuwa mimi, ningeng'oa hata milango. Nikatoa fyuzi yangu mfukoni, na nilikuwa nayo kati ya vidole nilipoiona karatasi, mwandiko wake uleule wa kulalia upande:

"Benye bataingia, musitie fusible ya boiler. Terre baliiba. Boiler ilioza, bomba ya douche itakamata mutu. Mupime kwanza."

Tarehe ilikuwa ya siku aliyofukuzwa.

Nilipeleka bafuni kile chombo cha kuzungusha, cha timu yetu. Nilifunga waya mmoja kwenye waya wa umeme wa boila, mwingine kwenye bomba, nikazungusha. Sindano ililala kwenye sifuri: hakuna kilichozuia umeme kufika kwenye bomba. Nikarudia, na mara ya tatu tena, sifuri. Nilipokuwa nimeishika ile fyuzi, binti yangu alikuwa amesimama uchi kwenye beseni, ameshika lile bomba la kuogea ili asiteleze. Nikairudisha fyuzi yangu mfukoni.

Nikapanda baiskeli hadi kituoni. Nilimkuta ameketi juu ya godoro, hajanyoa. Nilimwambia niliyoyakuta.

"Ulipima?"

"Nilipima, Tata."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikamuuliza, "Ulijua ni mi nitaingia?"

"Nitajua namna gani? Nilijua tu kutaingia mutu."

Nilitaka kumwomba msamaha. Nikasema asante, nikairudia kama mlevi. Yeye akaniuliza kama nimeandika karatasi yangu. Sikuwa nimeandika. "Basi rudia kwa nyumba, uandike," akasema, akanisukuma begani kama tulivyozoea kazini. Treni yao iliondoka wiki ile, na sikumwona tena.

Nilirudi nikaandika chini ya maneno yake, nikatia sahihi. Jiko la mbabula na makaa yake vilikuwa bado chini ya mizigo, kwa hiyo mke wangu aliamua kumwogesha mtoto kwa maji baridi. Binti alilia mpaka majirani wakatoka nje. Nilisimama mlangoni mwa bafu nikimsikiliza, na sikutaka anyamaze.