Blada Niliyoikata Gitothua

Iko siku moja ninayoikumbuka nitake nisitake, mwanangu: siku niliyokata blada, mpira wa kurukia wa Nekesa, kwa kisu cha jikoni. Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikaa kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga Gitothua, hapa Ruiru, nami nilifanya kazi kiwanda cha nguo Thika. Nilikuwa kijana mwenye kichwa kigumu. Mke wangu atakuambia hakijalainika hadi leo.

Nekesa, binti yetu wa pekee, alikuwa na miaka minane. Kikohozi alizaliwa nacho. Jasho lake lilikuwa na chumvi kupita kiasi, hata mama yake akimbusu alipangusa midomo. Daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa wa kurithi, makohozi yanakuwa mazito na kuziba mapafu, akatutuma kwa mama wa mazoezi ya kifua katika hospitali moja pale Thika. Yule mama alimlaza Nekesa ubavu, akakunja kiganja kama anayeteka maji, akaanza kumpiga mgongoni, pa, pa, pa. Damu ikanipanda.

"Mama, mtoto ni mgonjwa na wewe unampiga?"

"Simpigi, Baba Nekesa. Nalegeza makohozi. Mfanyieni hivi kila asubuhi na jioni. Na mumwache akimbie, aruke, hata akikohoa."

Nilimshika mtoto mkono tukatoka. Kwetu magharibi, na hapa Ruiru pia, mtoto wa kifua huvalishwa sweta mbili na kofia, akakalishwa. Ndivyo nilivyofanya. Hata mwalimu nilimwandikia barua asimpeleke uwanjani wakati wa michezo. Nilijiona baba mwenye akili.

Basi watoto wa ploti wakicheza blada, ile kamba ya mpira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, Nekesa alikuwa nguzo. Mpira hupitishwa miguuni mwa watoto wawili waliosimama, wengine wakaruka katikati, kisha wanabadilishana. Yeye hakubadilishwa. Zaidi ya mwaka mzima alisimama na sweta zake, akiwahesabia wenzake.

Siku hiyo nilirudi mapema kutoka kazini, nikamkuta anaruka. Sweta ziko chini. Anakohoa, anatema makohozi, anaruka tena. Sikuuliza kitu. Niliingia ndani, nikatoka na kisu, nikaukata ule mpira vipande vipande.

"Baba, mbona umekata?" akaniuliza. "Leo nilikuwa napumua vizuri."

Nikamwambia aingie ndani.

Baridi ya Julai ilimlaza hospitalini. Yule mama wa mazoezi alikuja kitandani, nikamsimulia yote, nikingoja anigombeze.

"Baba Nekesa," akasema polepole, "hayo makohozi aliyokuwa akitema ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta."

Akauchukua mkono wangu, akanikunja kiganja, akanionyesha. Tuliporudi nyumbani nilimtengenezea Nekesa blada mpya. Nguzo moja ilikuwa kiti, ya pili mimi mwenyewe, mtu mzima na suruali ya kazi, majirani wakicheka. Aliruka mara tatu akaketi. Siku nyingine mara nne. Mapafu yalikuwa yameshaharibika. Tulimzika kabla hajafika darasa la tano.

Sisemi angekuwa hai leo. Ugonjwa ule ni mzito, na dawa zilikuwa haba. Lakini kuruka hakukuhitaji dawa, na mimi ndiye niliyemnyima. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Mwanangu, ukijaliwa mtoto wa kifua, usiache woga wako umlee. Mtaalamu akikupa jibu la kukuudhi, kaa chini umsikilize mpaka mwisho, ndipo ukasirike. Mpigepige mgongo kama ulivyofundishwa. Mtoe nje, na akisimama kukohoa, msubiri. Yeye mwenyewe akikuambia anapumua vizuri, mwamini.

Mungu akujalie jioni nyingi za kumwita mtoto wako aje kula, umwite tena na tena, asikusikie kwa sababu zamu ya kuruka ni yake.