Koti Zito Gatini Kisumu

Siku hizo ndege zilitua juu ya maji ya ziwa, na mimi nilikuwa msimamizi wa mizani gatini. Asubuhi moja alifika Mzungu mpiga picha, safari yake ni ya kusini kupiga picha za simba. Jua linachoma, yeye kajifunga koti zito la baridi. Nikapima masanduku yake ya kamera na la nguo. Uzito ulikuwa sawa, akatabasamu.

"Sasa panda wewe, Bwana," nikamwambia.

Hakujua kwamba abiria hupimwa pamoja na mzigo wake, kama dagaa wa omena na kikapu chake. Mshale ulipita mpaka. Nikamvua koti, maana sipendi kufanywa mjinga. Mifuko yote ilijaa lenzi, kila moja ndani ya soksi.

Kuacha lenzi alikataa katakata. Akaliacha sanduku zima la nguo, akanipa mimi, akaruka na soksi zake.

Ijumaa hiyo nilikwenda msikitini nimevaa kama mwindaji hodari. Simba mwenyewe sijamwona mpaka leo.