Pointi Mbili za Roscoe

Kwa miaka hamsini na minane Odessa Tolliver alikuwa mwanamke mwema, mwimbaji wa kwaya asiyekosa mazoezi, na mwongo. Uongo wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa pointi mbili, umeandikwa kwa penseli ndani ya kitabu chenye jalada la kijani. Kitabu hicho alikiweka chini ya kitanda alicholala na mumewe, na kila akifagia alikisogeza kwa heshima kisha akakirudisha palepale.

Mwaka 1961 Odessa alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa Chuo cha Pinkney, pale Coble Springs, Georgia. Kocha wa mpira wa kikapu alimpa kazi ya kuandika pointi kwa sababu mwandiko wake ulikuwa safi na domo lake dogo. Kazi hiyo ina sheria moja ngumu: mwandishi hashangilii. Wengine waruke, wapige mbinja, wavunje viti, yeye aandike. Na wenzake walishindwa kuelewa aliwezaje, maana aliyekuwa anacheza ni Lucius Gadsden.

Nikuambie nini kuhusu Lucius? Mtoto wa mfua nguo, mwembamba, mpole hata ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Lakini mpe mpira. Enzi hizo kikapu cha mbali na cha karibu vyote vilikuwa pointi mbili, naye hakujali, akapiga kutoka mahali ambapo wengine wangeomba ramani. Mpira ulitoka mkononi mwake bila haraka, ukapanda, ukumbi mzima ukanyamaza, na kabla haujashuka watu walikuwa wameshaanza kucheka kwa furaha. Vikongwe wasiojua hata timu ni ngapi uwanjani walikuja na mito yao ya kukalia, wakakaa mstari wa mbele, wakasema tu, "Ee Yesu, mtazame huyo mtoto." Odessa aliandika tu. Kuna siku alirudi bwenini akalia, wenzake wakamuuliza analia nini. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, basi.

Katika timu hiyohiyo alikuwamo Roscoe Tolliver, namba kumi na moja. Huyu alikimbia sana, akaanguka sana, na hakufunga kitu. Msimu mzima, sifuri. Watu walimpenda kama watu wanavyompenda mbwa wa jirani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi alasiri, mechi ya mwisho, dhidi ya Chuo cha Tull. Vyuo vyetu sita vya watu weusi vilikuwa na ligi yao, na rekodi ya ligi kwa mechi moja ilikuwa pointi hamsini na tisa, mali ya mtu wa Tull. Ikibaki dakika moja na nusu, Lucius alikuwa na hamsini na nane. Kikapu kimoja tu. Mtu mmoja wa Pinkney akatupa, mpira ukagonga chuma, mikono kumi ikaenda juu, na Odessa, kwa mara ya kwanza maishani, akajikuta amesimama anapiga makofi. Aliuona vizuri ule mkono mrefu ukitokea nyuma ya mingine yote, vidole viwili vikausukuma mpira ndani. Mkono wa Lucius. Lakini chini ya ubao Roscoe alikuwa ameinua mikono, amegeuka kuelekea meza ya waandishi, meno yote nje, anadhani ni yeye.

Mwandishi wa Tull, kijana mmoja wa tai ya kipepeo, hakutaka rekodi ya chuo chake ivunjwe. Akauliza haraka, "Kumi na moja huyo, siyo?"

Odessa akamtazama Roscoe. Akamhurumia. Na akawaza kama anavyowaza mwandishi yeyote aliyezoea kumwandikia Lucius Gadsden: imebaki dakika nzima, huyu atafunga vingine hata vitatu, mbili kwake ni nini?

"Ndiyo," akasema. "Kumi na moja."

Ila enzi hizo hakukuwa na saa ya kumlazimisha mtu atupe. Tull walikwisha kushindwa, wakaamua wafe na rekodi yao. Wakaushika mpira, wakapeana wao kwa wao, huku na huko, mpaka filimbi ya mwisho. Lucius hakuugusa tena. Baadaye alipita mezani, akakisoma kitabu, macho yakakaa kidogo kwenye mstari wa kumi na moja. "Asante kwa kazi, Bi Odessa," akasema, akaenda kuoga. Hakuuliza, wala hakulalamika kwa mtu. Odessa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwaka uliofuata Roscoe alimposa. Lucius, goti lake lilikwisha mapema, akaingia posta na kupanga barua miaka thelathini na minne. Watu wazima na akili zao walinunua stempu wasizozihitaji ili waione ile mikono. Roscoe akawa fundi seremala, na kila Jumamosi kwa kinyozi aliisimulia hadithi yake moja: mpira ulitoka kwenye chuma, nikauchokoa kwa kidole hiki. Kidole kilionyeshwa. Wateja walikijua kuliko vidole vyao.

Mwaka 2019, mwezi wa pili, chuo kikatangaza kuitundika jezi ya Lucius kwenye dari la ukumbi. Moyo wake ulikuwa umechoka, madaktari walishaacha kusema habari za kiangazi, maana hatakifikia. Ligi ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo orodha ya wafungaji haingebadilika tena milele, na juu yake lilikaa jina la mtu wa Tull. Lakini mkuu wa chuo alimwambia Odessa kwenye simu jambo lililomnyima usingizi: neno la mwandishi rasmi ndilo la mwisho, maadamu yu hai.

Alhamisi asubuhi akamwambia mumewe, mbele ya samaki wa kukaanga na uji wa mahindi.

"Roscoe. Kile kikapu chako."

"Kimefanya nini?"

"Hakikuwa chako."

Roscoe akacheka. "Bibi wee, uzee huo. Kidole hiki hapa kinashuhudia."

"Kidole hicho hakikufika, mume wangu. Nilikuwa hatua tano tu. Ni Lucius. Nilijua tangu siku ile."

Kicheko kikamkauka. "Ulijua? Miaka yote hii unaniacha nijipigie debe kwa kinyozi kama zuzu?"

"Ulikuwa unafurahi."

"Hata punda hufurahi! Kwa nini ulinipa?"

Odessa angeweza kutafuta neno jingine. Hakulitafuta. "Nilikuonea huruma."

Roscoe akaisukuma sahani. Akasema taratibu, "Yule mtu ulikuwa ukimwangalia, Dessa, mpaka mimi mwenyewe naona haya kukukatiza. Mimi hujaniangalia hivyo hata siku ya harusi. Sikudai. Nikasema, basi, angalau siku moja nilifunga ukaniandika kwa mkono wako. Zilinitosha pointi zangu mbili."

"Roscoe..."

"Ngoja nife kwanza, ndipo umpe."

"Lucius ndiye atakayetangulia."

"Basi fanya utakavyo." Akatoka kwenda kwenye karakana yake, na hawakusemezana siku mbili. Usiku walilala kila mmoja ukingoni, na kitabu kikiwa chini yao.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Lucius aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi miguuni, mikono juu ya blanketi. Wazee kwa vijana wakanyoosha shingo waione ile mikono, na mwanamume mmoja mnene akavua kofia. Odessa alikaa mbele na kitabu mapajani, penseli na ufutio mkobani. Roscoe alikuwa kando yake ndani ya suti ya kahawia, amekunja uso.

Mkuu wa chuo akasoma: "...pointi hamsini na nane katika mechi moja, ya pili katika historia ya ligi yetu!"

Makofi. Odessa akataka kusimama. Alimtazama Lucius, akamtazama mumewe, akajua kwamba atamvunja mmoja wao mchana kweupe, na hakuweza. Akainamisha kichwa. Sasa itapita, akawaza kwa uchungu, itapita na nitaubeba hadi kaburini.

Kiti cha pembeni kikalia. Roscoe alikuwa amesimama.

"Mkuu, samahani. Hesabu yako ina kosa."

"Kaa chini, Roscoe!" kinyozi akapaza sauti kutoka nyuma. "Hadithi ya kidole tumeshaisikia!" Ukumbi ukaangua kicheko.

"Hii hamjaisikia," Roscoe akasema, akangoja wamalize kucheka. "Kile kikapu sikukifunga mimi. Nilikuwa nimeinua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi, mpira hata haukunipitia karibu. Aliyefunga ni yule pale. Mwandishi alinidhania mimi, kwa vile nilivyokuwa narukaruka, na mimi nikajinyamazia kwa sababu ilikuwa tamu. Kosa ni langu, si lake. Hamsini na nane na mbili ni sitini." Akamgeukia mkewe. "Mwandishi, sahihisha."

Odessa akafungua kitabu. Karatasi ilikuwa imeota manjano, na ufutio nusura uitoboe. Akafuta mstari wa kumi na moja, akaandika kwenye ule wa Lucius, ishirini na tatu, akasimama na kutamka kwa sauti iliyopasuka, "Sitini."

Ukumbi mzima ukalipuka. Watu walipiga miguu sakafuni, wengine wakakumbatiana na wasiowajua. Lucius Gadsden akajifunika uso kwa mikono yake miwili, mabega yakimcheza, na jezi ikaanza kupanda kwa kamba, polepole, kuelekea darini.

Roscoe akakaa, akapenga kamasi. "Haya," akamnong'oneza mkewe. "Nimebaki na yai, sifuri kabisa. Umeridhika?"

Odessa alikuwa amegeuka mzimamzima kitini, uwanja ameupa kisogo, machozi hayafuti.

"Unaniangalia nini?" Roscoe akasema. "Tazama kule, inapanda, utaikosa."

"Acha ipande," Odessa akasema.