Watoto wawili, shali za manjano mbili, na mimi sikujua wangu ni yupi

Wakuu, salamu kwenu. Nimekuwa nikisoma nyuzi za wengine humu kimya kimya, hasa za kina mama, na leo naandika yangu kwa sababu nikiendelea kuimeza nitamlipukia mtu asiye na makosa. Sitaongeza chumvi. Waliohusika walishaitia ya kutosha.

Na yule wa kuja kuniambia "mshukuru Mungu mtoto ni mzima," tafadhali pita. Nimeshukuru. Nimeshukuru na bado nina hasira, mambo yote mawili yanaenea ndani yangu.

Haya.

Mimi ni wa Githongo, Meru. Nimeolewa Embu, pande za Manyatta. Bwanangu Njeru ananunua viazi kwa wakulima huko Kibirichia, anakuja nyumbani wikendi tu, kwa hivyo mimba ilipokomaa tulikubaliana nikae kwa mamake halafu nijifungulie hospitali huku Embu. Hospitali gani, sitasema. Msiniulize inbox.

Kwetu Githongo, tumbo langu lilipoonekana tu mama yangu alianza kununua nguo za mtoto. Akazifua, akazianika nje kwa kamba, kila anayepita barabarani azione. Kwa hivyo mimi nimekua bila kujua kwamba kuna watu wanaogopa nguo za mtoto.

Wako. Nimeolewa kwao.

Nesi wa kliniki alikuwa ametueleza vizuri vya kubeba. Nikapanga begi langu mapema: lesso, pedi zile kubwa, beseni, sabuni, pamba. Juu kabisa nikaweka vitu vya mtoto, ndio nisisumbuke kutafuta. Vesti, kofia, soksi, shali nyeupe ambayo mama yangu alituma kutoka nyumbani.

Mama mkwe akaingia, akaangalia begi.

"Hizi ni za nani?"

"Za mtoto, mum."

"Mtoto gani?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Tumbo langu lilikuwa limefika mlangoni kabla yangu, eti mtoto gani. Yeye hakucheka.

Akanieleza kwamba kwao mtoto huja kwanza. Akishalia na watu wakamsikia, ndio nguo zinatolewa. Kumpangia kabla ni kumwitia shida. Sasa sijui kama ni Waembu wote ama ni hilo boma peke yake, msinirukie. Nikamwambia nesi ndiye alisema. Akajibu, "Sawa, mwari," yaani binti, kwa sauti ya upole kabisa, akaenda kukamua ng'ombe.

Mimi nikajua yameisha.

Uchungu ulinianza asubuhi, ile baridi ya Julai ambayo mlima hauonekani na manyunyu hayaishi. Mama mkwe akaniambia nenda uoge, begi nitakutolea mimi. Nilipotoka, begi lilikuwa kwa gari la jirani, limefungwa zipu, limejaa vilevile, zito vilevile.

Niambieni, kwa nini ningelifungua?

Leba siielezi. Waliozaa wanajua, na wasiozaa wasitishwe bure. Nitasema tu kwamba kuna nesi aliniuliza, "Mama, hata kanisani huimba hivi?" na nikamjibu kitu ambacho siwezi kukiandika hapa.

Mtoto akatoka. Msichana. Akalia vizuri.

Nesi akasema, "Nguo za mtoto, mama."

"Ziko kwa begi, sista. Juu kabisa."

Akafungua. Akatoa chupa ya uji. Akatoa nduma zimefungwa kwa gazeti. Akatoa lesso zangu, pedi, halafu sweta. Si ya mtoto. Sweta ya mama mkwe, ile ya kijani ya kuendea kanisani, imekunjwa vizuri ijaze nafasi.

"Mama, kwani ulikuwa unakuja kuzaa ama pikiniki?"

Nilibishana naye. Nililala pale nikimwambia huyo sista amefungua begi la mtu mwingine. Nilimwambia aangalie tena. Aliangalia tena. Akageuza hata beseni chini juu. Mtoto wangu wakati huo amefungwa kwa taulo yangu ya kuogea, na mimi kichwa kimekataa kuelewa. Nilifikiri nimeibiwa hapo hospitalini. Wazo la mama mkwe lilinijia baadaye, nikisukumwa kwenda wodi, na lilikuja polepole kama mtu anayewasha taa moja moja ndani ya nyumba.

Wodini kitanda cha pili kulikuwa na mama anaitwa Rose, mtu wa kule chini Mbeere, mtoto wake wa tatu, amejifungua asubuhi hiyohiyo. Mcheshi, mdomo haufungi. Mtoto wake, pia msichana, alikuwa anapumua haraka haraka, wakampeleka kile chumba chenye hita. Rose alipoona wangu ndani ya taulo akaniuliza, "Sasa huyu umemtoa swimming?"

Nikalia. Rose akafungua begi lake. Alikuwa na shali mbili za manjano zinazofanana, moja amemfunga wake, kwa sababu anasema watoto wake hutapika maziwa na hapendi kuhangaika.

"Chukua moja. Utanirudishia ukienda."

Mungu ambariki huyo mwanamke. Nawaambia mapema, katika uzi huu wote sina neno baya juu ya Rose.

Muda kidogo nesi akapita, akashika miguu ya wangu, akasema mtoto amepoa sana. Akambeba, naye akapelekwa chumba kilekile cha hita. Mimi nikalala, nimechoka mpaka nywele.

Sasa hapa mnisikilize.

Katika ile wodi, mtoto anaitwa kwa kitambaa chake. Wa maua. Wa dubu. Wa blanketi ya bluu. Ni kweli wanabandika plasta mguuni yenye jina la mama, lakini kwa baridi hiyo nani anamfungua mtoto miguu kusoma plasta? Wanaangalia kitambaa, wanajua ni kitanda kipi. Na hiyo njia inafanya kazi vizuri, mpaka siku mama mkwe wa mtu anapofungua begi.

Nilipoamka, mwanafunzi wa unesi alikuwa amesimama katikati ya vitanda vyetu. Mkono huu mtoto, mkono ule mtoto. Shali ya manjano, shali ya manjano. Macho yamevimba yote, nyuso nyekundu zote.

"Kina mama, chukueni watoto."

Akangoja. Ni yeye alikuwa anatungoja sisi tuseme!

Rose akanyoosha mikono bila kufikiri. "Wangu ni huyu, ona paji la babake, kama sufuria." Akamchukua. Mimi nikapewa aliyebaki.

Wakuu, mimba nzima kila mtu aliniambia kitu kimoja. Mama yangu, kina mama wa kliniki, mke wa pasta. Ukimwona tu, moyo utaruka, utamjua. Nikamwangalia yule mtoto. Nikangoja moyo uruke.

Haukuruka.

Nikasema labda ni uchovu. Nikamweka kwa titi, akavuta vizuri ajabu. Nikaanza kumwongelesha. Nikamwambia pole kwa baridi. Nikamwambia ana nyanya mmoja Githongo ambaye ana akili. Nikambusu kichwa.

Shifti ikabadilika. Nesi mpya akaja, wale wa kufuata kazi, akipita kitanda kwa kitanda akifungua miguu na kusoma. Akafika kwangu, akasoma, akaniangalia.

"Wewe ndiye Rose?"

"Hapana, Rose ni yule."

Akasoma tena. Akaenda kwa Rose, akafungua miguu ya yule mwingine. Hakukuwa na plasta. Ilikuwa imebanduka, imeenda kusikojulikana.

Rose akasema haiwezekani, mimi nimezaa mara tatu, namjua mtoto wangu.

Nesi akamwambia, "Mama, plasta haijui umezaa mara ngapi."

Akarudi kwangu, akanyoosha mikono. "Nipe huyo."

Nikamshika zaidi. Naandika hivi na bado sijui nilikuwa nafanya nini. Dakika chache nyuma sikumjua, na sasa mtu anamtaka nimekataa. Nikamwambia, "Ngoja amalize kunyonya."

Akangoja. Wodi yote ikangoja.

Sista mkubwa akaitwa. Mwanafunzi akaulizwa, akalia. Kule kwa hita walikuwa hao wawili tu, hiyo ilikuwa afadhali. Wakawapima uzito upya wote wawili mbele yetu, wakalinganisha na ule wa kuzaliwa. Wa Rose alikuwa mzito, wangu kadogo. Hakukuwa na shaka. Niliyekuwa nanyonyesha alikuwa wa Rose, na aliyeshikwa na Rose, yule mwenye paji la babake, alikuwa wangu.

Rose akaja mwenyewe kitandani kwangu, akitembea ameshika ukuta. Tukabadilishana. Hatukuangaliana machoni. Halafu akasema, "Sasa umemnyonyesha wangu, tumekuwa ndugu kwa nguvu," akicheka huku analia.

Sista mkubwa akatuambia hakuna kilichoharibika, wamerekebisha. Wamerekebisha! Kama ni chai imepelekwa meza isiyo yake.

Na sasa niwaambie kilichonitisha kuliko hayo yote. Nilimshika wangu, yule wa kweli, aliyethibitishwa na plasta ya mwenzake na mizani. Nikamwangalia. Bado moyo haukuruka.

Saa ya kuona wagonjwa, mama mkwe akaingia na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, kwenye hotpot, na mfuko. Ndani ya mfuko, nguo zangu zote. Vesti, kofia, soksi, shali nyeupe ya mama yangu. Amezifua upya na kuzipiga pasi. Amefurahi, jamani, uso unang'aa.

"Sasa ameshakuja. Tumvalishe."

Nikamwambia yote, mbele ya watu, sikupunguza sauti. Nikamwambia kwa sababu ya sweta yako ya kanisani nimenyonyesha mtoto wa mtu. Nikamwambia karibu niende nyumbani na mtoto asiye wangu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Lakini yuko hai."

Hayo tu. Lakini yuko hai.

Kwake yeye, zile nguo zilikaa nyumbani na mtoto akaja salama, kwa hivyo alifanya vizuri. Utambishia mtu vipi na ushahidi wake uko hapo unanyonya? Kuna siku nafikiri alinipenda sana. Kuna siku nataka kuichoma ile sweta. Mara nyingi ni siku moja hiyohiyo.

Halafu akainama, akamtazama mtoto, akasema huyu ni wetu kabisa, ona masikio ya Njeru. Ningekuwa nimeshika wa Rose angesema vilevile.

Tukaenda nyumbani. Wiki za kwanza nilikuwa namvua mtoto kila mara namwangalia, natafuta kitu, sijui kitu gani. Nikamwambia Njeru kwenye simu tufanye DNA. Akacheka, akasema amesikia wanaume wakiomba, mama ni wa kwanza. Nikamkatia simu. Nilimwosha, nilimlisha, nilimbeba, lakini ndani nilikuwa kama mtu aliyeachiwa mzigo na abiria mwenzake, anautunza vizuri huku akiangalia mlango.

Mpaka siku ya chanjo. Tulienda na wifi yangu. Watu wamejaa benchi zote, watoto wamedungwa, wanalia kama kwaya iliyokosana. Nikamwachia wifi mtoto niende choo, kiko nyuma kabisa ya jengo. Nikiwa huko, katikati ya zile kelele zote, nikasikia mmoja. Kifua kikalowa maziwa. Nilitoka mbio sketi sijafunga vizuri, nikapita watu, nikafika, na alikuwa yeye.

Wifi akaniuliza, "Umejuaje ni huyu? Si hapa wamelia wote."

Nikaketi chini hapo kwa simiti, nikamnyonyesha.

Kwa hivyo nilichojifunza ni hiki. Begi lako lifungue mwenyewe kabla ya kuingia kwa gari, hata uchungu ukikukunja. Kama boma lenu linaogopa nguo, weka begi la pili kwa rafiki. Beba kitambaa ambacho hakifanani na cha mtu. Mtoto akitolewa mbele yako na kurudishwa, fungua miguu, soma jina, wakikuita msumbufu waambie ndiyo.

Na moyo usiporuka, usijifikirie umeharibika. Mimi hakuna aliyeniambia kwamba kumjua kunaweza kuchelewa, na hiyo ndiyo inanikasirisha kuliko sweta.

Sasa nataka kusikia wenzangu. Kama ulimwangalia wako siku ya kwanza ukaona mgeni tu, andika hapo chini, hata neno moja, kuna msichana analala wodini sasa hivi anadhani ni yeye peke yake. Wale wa mila pia karibuni mnieleze hiyo ya nguo, kwa sababu kweli sielewi na ningependa kuelewa. Lakini njooni mkijua bado sijapoa.