Siku Chuo Kilipokuja Kumposa Dada Yangu

Harufu ya dawa ya kuchua misuli ikinipata, popote nilipo, mimi huwa nimekwisha. Ile kali, yenye kafuri ndani yake, inayopanda puani mpaka macho yanalengalenga. Jumamosi iliyopita ilinikuta jukwaani, kwenye uwanja wa chuo kimoja hapa Joburg, Afrika Kusini, wachezaji wa kike wakinyoosha viungo chini yetu na nyuma yangu mabwana wawili wakibishana kuhusu pesa za usajili. Chuo hiki kimempa msichana fulani chumba na simu, kile kimemwongezea posho. "Wazazi siku hizi wanauza watoto," akasema mmoja, mdomo umejaa chipsi. Mimi ni shabiki wa mpira wa vyuo kupita kiasi, na ubishi wa jukwaani haunipiti hivihivi. Safari hii nilinyamaza, maana harufu ile ilikuwa imeshanirudisha Bellevue, mtaa tulioishi zamani, nikiwa na miaka kumi.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba kubwa ya zamani, ya zile ambazo kila mlango una familia yake na jiko lake. Wazazi wangu walitoka Bukavu, Kongo. Mimi nilizaliwa hapahapa. Baba alikuwa fundi cherehani mtaa wa Fordsburg, Mama akiuza vitenge. Dada yangu Espérance, tuliyemwita Espe, alikuwa anamaliza sekondari, na kila jioni alijipaka dawa ile miguuni mpaka chakula chetu chote kikawa na ladha ya kafuri. Mama alilalamika, Baba akaendelea kula.

Lakini mngemwona akicheza! Sijui niwaelezeje. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa kutembea polepole kama anayetafuta hereni iliyoanguka. Akipewa mpira alikuwa mtu mwingine kabisa. Uwanja wenyewe ulikuwa udongo mwekundu na vipande vya chupa, na bado wanaume waliopita na mifuko yao ya mkate kutoka spaza, kile kiduka cha mtaani, walisimama, wakasahau mikate. Nami nilijaa kiburi mpaka nikashindwa kupumua vizuri, nikamwambia kila mtu aliyekuwa karibu, hata wasioniuliza: yule ni dada yangu.

Habari zikaenea, na kocha wa chuo fulani akasema atakuja nyumbani. Hapo ndipo sinema zilipotuponza. Mimi na Espe tulikuwa tumetazama kila filamu ya Kimarekani ya mpira wa vyuo iliyokuwamo kwenye kompyuta ya jirani, kwa hiyo tulijua kila kitakachotokea. Kocha anaketi kwenye kochi. Anasifu mapishi ya mama. Anamwahidi kwamba atamtunza mtoto kama wake, mama anafuta machozi, kijana anavaa kofia ya chuo, muziki unapanda. Nilikuwa hata nimemfundisha Mama mahali pa kulia.

Wazazi wangu hawakuwa wametazama filamu hizo. Kwao, mgeni anapokuja kwa heshima kutaka kumtoa binti nyumbani, utaratibu wake unajulikana. Baba aliazima viti. Mjomba Faustin, kaka yake Mama, kinyozi wa mtaa wetu, alivaa suti, kwa kuwa mjomba ndiye msemaji wa familia. Katikati ya meza wakaweka sahani tupu. Mgeni alipoketi tu, Mjomba akamweleza kwa Kiingereza chake cha kinyozi kwamba mazungumzo hayawezi kwenda mbele kabla ya kuweka kitu cha kufungulia mlango.

Bwana yule aliitazama sahani, akaitazama saa yake, akasema chuo chake hakitoi hongo. Hakugusa hata soda. Tulisubiri simu yake wiki nzima, na Espe alilia wiki nzima, uso ukutani, mpaka Mama akasahau kabisa kulalamikia kafuri.

Miezi miwili baadaye akatokea wa pili, Kocha Nomsa, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, wa chuo cha mji mwingine. Timu yake ilikuwa Joburg kwa mechi, akaomba apite kutuona Jumapili alasiri. Mwaka wa shule ulikuwa unaisha, pesa za kumpeleka Espe chuoni hatukuwa nazo, na kocha mwingine hakuwapo. Nyumba nzima ilijua hivyo. Kwa hiyo Mama alipomwona Baba akiifuta ile sahani, alimshika mkono, akamwambia kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu:

"Baba Espe, nakuomba. Leo tuache hii mambo ya sahani. Mutoto atapoteza masomo."

"Sisi hatuuzishake mutoto," Baba akasema. "Lakini mutoto hatokake mu nyumba bila kuombwa. Kama banamutaka, bataomba."

Mjomba aliongezea siasa, kama kawaida yake, maana alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa kwetu na hakuweza kufunga hata kifungo cha shati bila hotuba. "Kila siku batu ya hapa banatuambia turudi kwetu. Leo banakuja kutuomba mutoto? Hiyo ni politiki! Banatafuta sura za kupiga nazo picha."

Espe, kama anayeposwa, hakuruhusiwa kukaa na wageni. Tulijificha wawili nyuma ya pazia lililogawa chumba, mkono wangu ndani ya mkono wake, nami nikichungulia kwenye upenyo. Kocha Nomsa aliingia, akasalimia, akaketi. Mjomba akasimama, akatoa hotuba yake, akaionyesha sahani. Kucha za Espe zikanizama kiganjani.

Kocha aliiangalia sahani, akamwangalia Baba, akaokota funguo zake, akainuka na kutoka nje.

Nilimsikia Espe akiteleza ukutani mpaka akaketi sakafuni. Hakulia hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Upande wa pili Mama alisema neno moja tu, "Eish," neno la mshtuko la wenyeji wa hapa, ambalo sikuwahi kumsikia akilisema. Baba hakusogea. Nilimchukia Baba dakika ile, niseme kweli. Nilimwona mshamba, mtu aliyebeba desturi za Bukavu mpaka hapa ili azitumie kutuharibia maisha.

Kisha mlango ukabishwa tena. Kocha Nomsa alikuwa amerudi, na nyuma yake alikuja mzee mmoja mwenye kofia mkononi, Mzee Khumalo, dereva wa basi dogo la chuo. Hawakuingia. Walisimama kizingitini, macho chini, na mzee akasema kwa Kizulu, kwa sauti ya mtu anayeingia kanisani: "Sizocela isihlobo esihle."

Watu wazima wakatazamana. Mimi niliyesoma Kizulu shuleni nikajikuta nimetokeza kichwa kwenye pazia na kusema kwa nguvu, "Wamekuja kuomba undugu mwema!"

Kumbe hata kwao ni hivyohivyo! Kocha alitueleza baadaye, akicheka, kwamba ile sahani aliijua mara tu alipoiona. Kwao pia wajumbe hawapewi jibu kabla ya kuweka kitu, na hakuna mtu mwenye adabu anayekwenda kuomba binti peke yake, bila msemaji. Ndiyo maana alitoka: alikwenda kumwamsha dereva wake aliyekuwa amesinzia garini. Mzee wa watu alikuwa amekuja kuendesha basi, na sasa amekuwa mshenga.

Lakini aliifanya kazi hiyo, nawaambia! Alimsifu Espe kana kwamba alimlea. Aliomba radhi kwa kuja bila kutuma taarifa. Mjomba alijibu kwa madoido yaleyale, Kiingereza na Kizulu na Kiswahili cha kwetu vikipishana mezani, na nusu ya maneno hawakuelewana wala hawakujali. Ilipofika zamu ya sahani, kocha akasema sheria za mpira wa vyuo hazimruhusu kuipa familia ya mchezaji hata senti. Mzee Khumalo akamnong'oneza. Kocha akavua filimbi iliyokuwa shingoni mwake, yenye kamba iliyopauka kwa jasho la miaka, akaiweka kwenye sahani kwa mikono miwili.

Baba aliitazama filimbi ile. Kisha akamwita Espe.

Dada yangu alitoka nyuma ya pazia akiwa na kitenge cha Mama kiunoni, akasimama mbele ya watu wote. Kwetu binti huulizwa mara tatu kama walichokiweka wageni kipokewe.

"Espérance, tupokee?"

"Mupokee, Papa."

"Tupokee? Hautatuambia kesho turudishe?"

"Mupokee."

Mara ya tatu Baba hakuuliza upesi. Chumba kilitulia mpaka nikasikia sambaza, wale dagaa wa kwetu, wakichemka jikoni. Mzee Khumalo alikuwa ameinamisha kichwa, Kocha Nomsa ameshika magoti yake, na wote wawili walimtazama Baba yangu, fundi cherehani wa Fordsburg, kama watu wasiojua hatima yao. Hakuna filamu iliyowahi kunishika hivyo.

"Tupokee, mwanangu?"

Espe akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Baba akaishika filimbi. Mama akapiga vigelegele hata majirani wakatoka vyumbani mwao. Tukala ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, na sambaza, na mzee wa basi akaongezewa mara mbili.

Espe alisoma, akacheza, akamaliza. Leo ni mwalimu. Kwa miaka mingi niliisimulia siku ile kama kichekesho cha Baba na sahani yake, na watu walicheka sana. Nilikuwa mtu mzima, nimesimama kwenye foleni pamoja na Baba tukifuatilia kibali chake cha kuishi, kijana wa dirishani akimkemea bila kumwangalia usoni, nilipoelewa nilichokiona nikiwa na miaka kumi. Tangu avuke mpaka, Baba alikuwa mtu wa kuomba. Aliomba kibali, aliomba chumba, aliomba kazi, aliomba radhi kwa namna anavyotamka Kiingereza. Wengine wote walikuwa na ndiyo na hapana. Yeye alikuwa na tafadhali. Jumapili ile wenyeji wa nchi hii walivua kofia mlangoni pake, wakaketi kwenye viti vyake vya kuazima, wakamwomba, na hawakujua atajibu nini. Nadhani ndiyo maana alichelewa kuuliza mara ya tatu. Alitaka kukaa hapo kidogo.