Harufu ya Karafuu Maiti kwenye Makala Yangu

Chekeni tu, nami siku hizi nacheka, ingawa huwa naangalia nyuma yangu kwanza. Aibu iliyonipata ukumbini Diani haijanipata hata siku nilipojikwaa ngazini kwenye harusi yangu (na nyote mlikuwapo, wala hamkunisaidia).

Kazi yangu mnaijua, natafiti watu walioumia ubongo na akili zao zinavyobadilika, na sisi watafiti, jamani, tunapimwa kwa machapisho, ukikosa makala mpya wenzako wanaanza kukusalimia kwa huruma. Mimi nilikuwa nimekauka kabisa. Basi akaletwa wodini Mwalimu Bakari, mtu wa Waa, amegongwa na bodaboda pale Ukunda, akalala hajitambui siku kadhaa, na alipofumbua macho akamtazama mkewe aliyeketi pembeni na buibui lake, akaniambia taratibu, "Daktari, huyu si Zainabu."

Mwili ulinisisimka, kwa woga kidogo na kwa furaha zaidi, maana yapo maradhi hayo, nadra sana, mtu akiumia ubongo humwona mkewe wa miaka yote akadhani ni mgeni aliyevaa sura yake. Baada ya siku chache, neno lake likiwa ni lile lile, nikamuuliza amejuaje.

"Sura ni hiyo hiyo," akasema, "lakini hanigusi. Chai anaiweka mezani, hanipi mkononi. Na siku ya kwanza alikuwa ananukia karafuu maiti."

Ile wanayotiliwa maiti wakioshwa! Nikageuka kumtazama yule mwanamke, akainamisha macho. Hapo ndipo palipokuwa pa kuuliza, swali moja tu, dada, kuna nini? Sikuuliza. Nilihofia jibu litaniharibia makala. Nikaandika kwamba mgonjwa ananusa harufu isiyokuwapo.

Familia ilinipenda mno. Mama mkwe wa Mwalimu, Bi Mwanahamisi, alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Mwanangu, Mungu akulipe, umetusitiri." Nikadhani ni shukrani za matibabu. Kila walipouliza kama amepona nilijibu bado, maadamu anasema huyu si mkewe basi akili haijatulia. Wakampeleka Waa kumuuguza, makala ikatoka, nikapongezwa, kichwa kikavimba, nikaona haitoshi, nikaandaa mhadhara kwa Kiswahili kwenye ukumbi wa hoteli pale Diani na kumwalika Mwalimu mwenyewe akae mstari wa mbele na jamaa zake, ili watu wamwone (mimi huyo, na mtandio mpya!).

Nikaanza kusoma, dalili zote zikiwa zimemulikwa ukutani nyuma yangu. Nilipofika pale pa kutogusana, wanawake wa Waa waliacha kujipepea. Nilipofika kwenye karafuu maiti, nyuma kabisa mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Maneno hayo ya msiba hayasemwi bure. Lakini mjinga wa kusoma nikaendelea, "Na mkewe tunaye hapa leo," nikanyoosha mkono kumwonyesha.

Yule mwanamke akasimama, machozi yanamtoka.

"Nisamehe, shemeji," akamwambia Mwalimu. "Wallahi, nisamehe."

Shemeji! Nimeshika kipaza sauti, mdomo wazi. Bi Mwanahamisi ndiye aliyenieleza mbele ya watu wote, tena bila hasira, kwamba Zainabu alipopata habari ya ajali presha ilimpanda, akaanguka, akafariki baada ya siku kadhaa, akazikwa huku mumewe bado hajitambui. Mwanaisha, mdogo wake anayefanana naye, alitoka kumwosha dada yake siku ile ile Mwalimu alipozinduka, akaja moja kwa moja wodini, maana mgonjwa haambiwi msiba mpaka apone.

"Wauguzi wote walijua," akasema. "Tulidhani nawe unatusaidia kuficha, mwanangu. Tukawa tunangoja useme amepona, nawe kila siku wasema bado."

Na mimi ni mzaliwa wa Msambweni! Bibi yangu alifichwa kifo cha kaka yake hivyo hivyo, nami nilikuwa miongoni mwa walioficha. Kwamba mtu na shemeji yake hawagusani, hilo nalijua tangu madrasa. Yote yale niliyoyaita dalili yalikuwa kweli tupu, na bado yalikuwa yanawaka ukutani nyuma yangu.

Mwalimu hakulia. Alikuja polepole mpaka jukwaani, akanitazama kwa utulivu ulioniogofya kuliko kelele.

"Daktari," akasema, "muda wote huu nimemlilia mke wangu moyoni nikidhani nina wazimu. Sasa nimepona?"

Kipaza sauti kililipeleka swali lile ukumbi mzima. Nikakiweka chini, nikazima maandishi ya ukutani.

Makala nimeiondoa, na wenzangu wakiuliza mbona haipo tena kwenye orodha ya machapisho yangu, nawasimulia kama ninavyowasimulia nyinyi. Na naapa, siandiki tena neno juu ya mgonjwa kabla sijaketi na watu wake nikauliza nani hayupo. Juzi nilikwenda Waa kutoa pole, nimechelewa mno, nikakaribishwa vizuri kuliko nilivyostahili. Mwanaisha akaleta chai, akaiweka mezani.

"Ahsante, shemeji," Mwalimu akamwambia.