Mtoto wa Sanduku la Nne

Kwa miaka miwili nilimtunza mwandishi wa riwaya, mama wa Kimarekani aliyepita miaka themanini, nyumbani kwake katika mji wa Inver Grove Heights, Marekani. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamsomea vitabu vyake mwenyewe. Akili ilikuwa imeanza kumtoka. Nikimaliza ukurasa aliuliza, "Nani kaandika haya?" Nikimwambia ni yeye, alicheka kwa adabu, kama mtu aliyesifiwa kimakosa.

Mwanawe wa pekee, aliyeishi mji wa jirani wa Eden Prairie, alikubaliana na maktaba ya chuo kikuu wachukue picha zote za mama yake wazihifadhi. Akaja mhifadhi wa nyaraka, binti mpole aliyevaa glavu, akazipanga mezani kwa siku tatu. Kwa kila picha aliuliza: hapa ni wapi, huyu ni nani? Bibi alijibu zote bila kusita. Mwanamume mwenye kofia alikuwa baharia aliyetaka kumwoa. Kesho yake mtu yuleyule akawa daktari wa meno. Yule binti aliandika, kisha akafuta.

Siku ya tatu, kutoka sanduku la nne, ikatoka picha ya bibi akiwa kijana, ameketi kwenye ngazi za nyumba, amempakata mtoto wa kike. Hapo hakutunga kitu. Aliichukua, akailaza kifudifudi mapajani, akaifunika kwa viganja.

"Hii haiendi," akasema.

"Ni nani huyo, mama?" mwanawe akauliza.

"Hii haiendi."

Mimi nilimjua. Mara tatu, siku tofauti, nikiwa namkausha miguu, bibi alinisimulia habari za binti yake wa kwanza: jina lake, na homa iliyomchukua kabla huyu wa kiume hajazaliwa. Yeye aliyebadilisha kila kitu, hapo hakubadilisha hata neno. Na kila mara alimalizia, "Usimwambie mtu."

Mwanawe akanigeukia. "Amewahi kukuambia lolote kuhusu mtoto huyu?"

"Labda tumwachie hiyo moja," nikasema. "Anaitaka."

"Ataipoteza. Jana miwani yake ilikuwa wapi?"

Ilikuwa ndani ya friji. Niliitoa mimi mwenyewe.

Alisubiri mama yake asinzie, akaichomoa picha polepole, bila ukali wowote. Mimi nilisimama pale na taulo mkononi. Siku ya kwanza kazini tulifundishwa kwamba mambo ya familia si yetu.

Bibi alipoamka alipapasa mapajani, chini ya blanketi, mpaka ndani ya mfuko wa sweta yangu. "Umempeleka wapi?" akaniuliza. Aliuliza hivyo wiki nzima. Nikampigia mwanawe simu, naye akaleta nakala, safi kuliko picha yenyewe. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, akanirudishia.

"Huyu siye," akasema.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye chumba cha kusomea cha ile maktaba. Yeyote anaruhusiwa kuomba kuziona picha. Chini ya picha wameandika: mwandishi akiwa na mtoto asiyejulikana. Mhudumu aliponiona nimekaa nayo sana aliniletea fomu. "Kama unamfahamu, tafadhali tujazie."

Niliandika jina langu. La mtoto sikuliandika. Nikairudisha fomu hivyo hivyo.

Jioni nilimweleza dada yangu aliye Nakuru kwa simu.

"Mwambie huyo mwanawe basi," akasema. "Si ni dada yake?"

"Niliahidi."

"Ulimwahidi mgonjwa asiyekumbuka hata vitabu vyake."

"Lakini alimkumbuka huyo mtoto."

Dada akaniuliza kwani nataka yeye aseme nini. Sikujua. Nikamwambia tutaongea Jumapili, nikaingia jikoni kuosha vyombo.